Kutafakari uumbaji: sala ya Mkristo anayetazama

Kutafakari uumbaji ni kusali kwa kutazama. Mkristo hukaa mbele ya kiumbe kimoja, kiwe mti, ndege, jiwe au wingu, akakitazama kwa utulivu mpaka moyo wake ukamgeukia aliyekiumba, kisha akabaki hapo pamoja naye. Maneno yanaweza kuwepo au yasiwepo. Macho yapo kwenye kiumbe, moyo upo kwa Muumba. Hili la pili likikosekana, mtu amepunga upepo tu. Ni jambo jema kwa afya, lakini bado si sala.

Wengi wetu tumelelewa kusali kwa midomo: Baba Yetu, rozari, maombi ya mkesha. Mafundisho ya Kanisa Katoliki hutaja namna tatu za kusali: sala ya sauti, tafakari, na taamuli, yaani kutulia mbele za Mungu kwa upendo pasipo maneno mengi. Kutazama viumbe huanzia kwenye tafakari, na mara nyingine humfikisha mtu kwenye taamuli. Waanglikana na Walutheri huenda wasitumie majina hayo, lakini sala yenyewe wanaisoma katika Zaburi ya 104. Karibu yote ni mtu anayesali huku anatazama: punda mwitu wanakunywa maji mabondeni, ndege wanajenga viota, simba wananguruma usiku wakitafuta chakula, na jua likichomoza mwanadamu anatoka kwenda kazini. Kisha anamwambia Mungu: “Hao wote wanakungoja Wewe, uwape chakula chao kwa majira yake.”

Yesu mwenyewe alitoa agizo: “Waangalieni ndege wa angani.” Mkulima wa uwele au mtama wa Bahi, Chamwino au Kongwa mkoani Dodoma akilisikia neno hilo, hawezi kulisikia kama mtu wa mjini. Yeye anawaangalia ndege kutwa nzima. Yuko dunguni na kombeo, anaamia shamba, na kundi la kwelea kwelea likishuka, kazi ya msimu mzima inaweza kuishia matumboni mwao. Baba wa mbinguni huwalisha hao, ndiyo, lakini leo amewalishia kwenye shamba langu! Nadhani sala ya kutazama inaanzia hapo hapo, kwenye ugumu huo. Si lazima mtu ajilazimishe kuona uzuri. Anaweza kumtazama ndege yule mdogo mwenye mdomo mwekundu aliyeng'ang'ania suke, akamwambia Mungu waziwazi: huyu ni wako, na mimi ni wako, na sote tuna njaa, nifanyeje? Zaburi zimejaa malalamiko ya namna hiyo, na Mungu hakuyakataa.

Kuna swali jingine ambalo Mkristo wa Ugogoni, yaani nchi ya Wagogo huko Dodoma, halikwepi. Akionekana ameketi peke yake chini ya mbuyu, ametulia, watu watafikiri nini? Ipo mibuyu na miamba ambayo wazee walifanyia matambiko ya kuomba mvua, na si ajabu mchungaji au katekista akaingiwa na wasiwasi. Wasiwasi huo una msingi, na jibu lake ni la zamani. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliandika katika kitabu chake Maungamo kwamba aliiuliza nchi, bahari, upepo na nyota habari za Mungu wake. Vyote vikamjibu kwamba vyenyewe si Mungu. Mungu ndiye aliyeviumba. Kuuliza kwake kulikuwa ni kule kuvitazama kwa makini, na jibu lao lilikuwa uzuri wao. Basi Mkristo hauombi mbuyu kitu. Anamshukuru Mungu mbele ya mbuyu, na hata ukikatwa kesho, Mungu wake hajapungukiwa.

Tuutazame huo mbuyu kwa karibu. Kwa miezi mingi ya mwaka hauna jani hata moja, na mgeni anaweza kudhani umekufa. Sogea. Gome lake ni la kijivu, na mara nyingi utaona kovu pana mahali watu walipobandua magamba ya kusokotea kamba. Mti mwingine ukibanduliwa hivyo hukauka. Mbuyu huota gome jipya juu ya jeraha. Ndani ya shina lile nene umejaa maji uliyoyaweka tangu masika. Mvua zinapokaribia hutoa maua makubwa meupe yanayoning'inia kichwa chini. Hufunguka jioni, popo huyatembelea usiku, na kesho yake yananyauka na kuanguka. Mtu anayetazama hivyo kwa nusu saa hahitaji kutafuta maneno ya kusali. Atasema asante, au ataomba moyo unaoweza kupona jeraha, au atanyamaza.

Baadhi ya Wakristo wa zamani walioikuza sala hii hawakuishi kwenye kijani kibichi. Walikuwa watawa wa majangwani. Inasimuliwa kwamba mwanafalsafa mmoja alimuuliza Mtakatifu Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, anawezaje kuishi bila vitabu. Akajibu kwamba kitabu chake ni viumbe, na kiko mbele yake kila anapotaka kusoma maneno ya Mungu. Karne nyingi baadaye, mwaka 1225 hivi, Fransisko wa Asizi alitunga Wimbo wa Viumbe akimsifu Mungu kwa ajili ya Ndugu Jua na Dada Maji. Watu wengi hawajui kwamba wakati huo macho yake yalikuwa yanaugua vibaya kiasi cha kushindwa kuvumilia mwanga. Alilisifia jua lililokuwa linamuumiza. Mwaka 2015 Papa Fransisko alichukua maneno ya wimbo huo, Laudato si', kuwa jina la waraka wake juu ya utunzaji wa dunia.

Siku hizi makanisa mengi huadhimisha Majira ya Uumbaji kuanzia 1 Septemba hadi 4 Oktoba, sikukuu ya Fransisko. Ulaya ni wakati wa mavuno. Dodoma ni kiangazi kikali: vumbi jekundu, mito imebaki mchanga, mifugo imekonda. Kuiga picha za milima ya kijani hapa ni kupoteza nafasi. Mimi ningependa tuketi mbele ya kile tulicho nacho, hata kama ni korongo lililochimbwa na maji baada ya miti kukatwa, na toba iwe sehemu ya sala. Na kwenye mashamba ambako wakulima wanafuata njia ya kisiki hai, wakichagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki na kupogolea mengine, kuna mahali pazuri pa kufungua Ayubu 14:7-9, pale anaposema mti uliokatwa una matumaini, kwamba kwa harufu ya maji utachipuka tena. Soma mistari ile mitatu polepole, kisha inama ulitazame chipukizi lenyewe, na kisu cha kupogolea kiwe mkononi.