Kipandauso: karanga mnaisingizia

Juzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea orodha ya vyakula 11 alivyoviacha: karanga, maziwa, mayai, machungwa, chokoleti, sikumbuki vingine. Kipandauso bado kinamrudia. Nikamuuliza asubuhi anakula nini. "Chai ya rangi tu, dokta. Vingine naviogopa."

Hapo ndipo ninapochoka. Shambulio huanza kimyakimya, saa kadhaa au hata siku mbili kabla ya maumivu: miayo, shingo kukaza, hasira zisizo na sababu, hamu ya vitu vitamu. Mtu anakula chokoleti, jioni kichwa kinapasuka, basi chokoleti inabeba lawama. Kumbe ile hamu ilikuwa shambulio limeshaanza! Njaa, kwa upande wake, ni kichochezi kinachojulikana vizuri. Mwalimu wangu alikuwa akiikimbia karanga na kuikumbatia njaa.

Halafu vichochezi hujumlishana. Usiku mmoja wa usingizi wa mang'amung'amu unaweza kupita salama. Ongeza jua kali, maji kidogo na siku za kukaribia hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka, uone. Ndiyo maana karanga ya Jumatatu haina neno, ya Alhamisi inasingiziwa.

Kabla ya kuacha chakula chochote, chukua daftari. Andika saa ya kulala na kuamka, milo, hedhi, dawa, na siku kichwa kilipouma. Miezi mitatu. Na amka saa ileile hata Jumapili. Najua hamtaki kusikia hili.

Wagonjwa huniambia mengi. "Ni presha." Pima. Presha iliyopanda mara nyingi haiumi popote, na hiyo ndiyo hatari yake.

"Ni malaria." Pima pia. Majibu yakiwa hasi, dawa ya mseto haina kazi hapo.

"Kahawa niliacha ghafla." Ndiyo maana unaumwa. Wanaofunga Ramadhani wanaijua siku ya kwanza bila kahawa. Punguza kikombe kimojakimoja.

"Nameza panadol kila siku ili kisije." Ukifikisha siku 15 kwa mwezi, au 10 kwa vidonge vyenye mchanganyiko wa aspirini na kafeini, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza.

Kichwa kikija ghafla kwa nguvu usiyowahi kuiona, au kikaja na homa na shingo kukakamaa, au upande mmoja wa mwili ukalegea, daftari liache nyumbani. Nenda hospitali saa hiyohiyo.