Je, Wajua? Kwa Nini Kunde ya Uvunguni Hurefuka Kuliko ya Dirishani

Chukua makopo mawili, tia udongo, panda kunde tatu tatu. Kopo moja liweke dirishani, la pili lifunike kwa boksi na ulisukume uvunguni mwa kitanda. Yote mwagilia sawasawa. Kisha waulize watoto wa chekechea: zipi zitakua?

Watasema za dirishani, tena kwa sauti moja. Hapa Mikindani mtoto hahitaji kufundishwa habari za jua. Lakini siku ya sita au ya saba tulipofunua boksi nyumbani, mwanangu wa miaka mitano alipiga kelele: "Mama, za gizani zimeshinda!" Na kweli, zilikuwa ndefu kuliko wenzake kwa mbali. Mwalimu anayefunga somo siku hiyo atakuwa amewafundisha watoto kinyume cha alichokusudia.

Tatizo linaanzia kwenye swali lenyewe. Tunauliza kama mmea unahitaji mwanga "ili ukue", ilhali kuota, kurefuka na kukua ni mambo matatu. Kunde haihitaji mwanga ili iote. Inataka maji, hewa na joto, na vyote hivyo vipo uvunguni. (Zipo mbegu zinazotaka mwanga ndipo ziote, kama aina kadhaa za saladi, ila hizo mwachie mtoto akikua.) Chakula cha kuanzia maisha kimo ndani ya mbegu, kwenye vile vipande viwili vinono unavyoviona ukiimenya kunde iliyolowekwa. Ni kama kila mbegu huzaliwa na kihenge chake.

Sasa, kwa nini irefuke hivyo? Kwa sababu haijui kwamba ipo uvunguni. Kwa mbegu, giza lina maana moja tu: bado nimefukiwa. Basi akiba yote inaelekezwa kwenye shina ili litoke nje kabla kihenge hakijaisha. Majani hayakunjuliwi, yangechubuliwa na udongo bure. Kichwa kinainama kama ndoano ili ncha changa isikwaruzwe. Rangi ya kijani haitengenezwi, ya kazi gani huko chini? Mche ukiguswa na mwanga ndipo hupunguza mwendo wa kurefuka, hunyoosha shingo, hufungua majani na kuanza kujaza umbijani, ile rangi inayonasa mwanga.

Urefu ule, kwa sehemu kubwa, ni maji. Chembe za shina zimevutika na kujaa maji kama puto. Ukikausha mche wa gizani ukaupima, utakuta ni mwepesi kuliko mbegu uliyoipanda, maana umekula akiba bila kuingiza kitu. Wa dirishani unaingiza: unachukua maji na hewa ya kaboni, na kwa nguvu ya mwanga unatengeneza sukari. Wakubwa wanaita usanisinuru. Daktari Mholanzi Jan Ingenhousz ndiye aliyeonyesha, mwaka 1779, kwamba majani yaliyo ndani ya maji hutoa viputo vya hewa safi yakiwa juani, na gizani huacha.

Kwa hiyo usiyatupe makopo siku ya saba. Endelea hadi wiki ya pili, ya tatu. Za uvunguni zitaanza kulala, shina likilegea kama uzi. Lakini acha mche mmoja uokolewe: uhamishie dirishani kabla haujafa. Kwa siku moja au mbili manjano hugeuka kijani, na hapo watoto hunyamaza wote. Kwa maoni yangu hilo linafundisha kuliko ule uliokufa.

Ukitaka mfano mkubwa, wapeleke chini ya mkorosho. Waulize maua yako wapi. Yako nje, kwenye ncha zinazopigwa na jua, na ndani ya kivuli ni matawi matupu. Ndiyo maana mabwana shamba hushauri mikorosho ipandwe mita 12 kwa 12, ingawa shamba likiwa changa nafasi hiyo huonekana kama kupoteza ardhi.

Jiandae pia kwa swali la uyoga, halikosekani. Uyoga si mmea. Hauna umbijani, haujitengenezei chakula. Unakula magogo na majani yaliyooza, na hiyo kazi hata usiku inafanyika.