Kuku wa dirishani, kuku wa motoni

Gari likianza tu kupunguza mwendo pale Namawojjolo, soko la kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, Uganda, kabla hata halijasimama, madirisha yote yameshajaa: mapaja ya kuku kwenye vijiti, muchomo wa mbuzi, ndizi za gonja, chapati, soda, maji. Wauzaji wamevaa makoti yao ya kazi, wanakimbia sambamba na basi, na abiria aliyesinzia tangu Kampala ana sekunde chache za kuamua. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Chakula kizuri kipo Namawojjolo, tena kizuri sana, lakini mara nyingi si kile kilichofika dirishani.

Mimi ni mzaliwa wa Tororo, mji wa malori, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya gereji na ya mpakani. Nilipika hotelini Jinja kwa miaka tisa kabla ya kuanza kuendesha watalii. Kazi hii ya pili imenifunza kuhusu chakula kuliko ile ya kwanza. Mpishi wa hoteli akishatoa sahani hamwoni tena mlaji. Mimi nikimlisha mtu saa saba mchana, jioni ninaye garini, na kesho yake alfajiri anatakiwa awe msituni kwa miguu. Tumbo lake likichafuka, nipo naye. Ndiyo maana nimechunguza majiko ya njiani kwa miaka mingi, na bado nawaambia wageni wangu tule njiani.

Elewa kwanza jinsi kuku wa kijiti anavyopikwa. Kwa kawaida hachomwi mara moja. Huanikwa juu ya mkaa mapema mpaka akaribie kuiva, husogezwa pembeni, kisha hurudishwa motoni magari yakianza kufika. Hakuna ubaya katika hilo. Hotelini tulifanya vilevile kila siku. Kinachoamua ni muda aliokaa kati ya moto wa kwanza na wa pili. Chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60, bakteria huzaana haraka, na jikoni tulifundishwa kwamba saa 2 katika hali hiyo zinatosha kukifanya kisiaminike. Kuku aliyetembezwa kwenye kijiti kuanzia basi la kwanza hadi la nne yuko palepale katikati: si wa moto, si wa baridi.

Kwa hiyo nashuka. Napita vijiti vyote, naenda hadi kwenye jiko lenyewe, hatua kumi au kumi na tano kutoka barabarani, naangalia nani ana mkaa mwekundu na nani ana majivu. Kisha nauliza, kwa heshima, kwa sababu mtu anayechoma nyama tangu alfajiri hapendi kuhojiwa kama mwizi: "Nyabo, habari za kazi? Yupi kati ya hawa amewekwa asubuhi hii?" Nakuta mara nyingi anasema ukweli, maana anajua nitapita tena Ijumaa. Nikishachagua, namwomba amrudishe katikati ya moto na nasubiri dakika saba au nane. Nyama ya kuku inatakiwa ifike nyuzi 74 ndani. Bila kipimajoto, nachoma kwa ncha ya kisu kwenye paja, karibu na mfupa. Maji yakitoka meupe, tunakula. Yakiwa na rangi ya waridi, namrudisha jikoni, na hakuna muuzaji aliyewahi kunikasirikia kwa hilo.

Ukiendelea na barabara hiyohiyo ya Jinja utaingia msitu wa Mabira, na ndani yake kuna Najjembe. Bidhaa ni zilezile, kelele ni zilezile. Kama nina nafasi ya kusimama mara moja tu, nasimama Najjembe, na sababu yangu ni gonja. Hii ni ndizi ndefu, ile ambayo Waswahili wa pwani wanaiita mzuzu, na inadai subira. Ikichomwa bado ngumu, inakauka na kukaba koo. Inatakiwa ganda liwe limeshaanza madoa meusi kabla halijamenywa. Halafu moto wa taratibu, igeuzwe mara nyingi, mpaka sukari yake yenyewe itoke juu na kuacha michirizi ya kahawia. Nimeipata hivyo Najjembe mara nyingi kuliko kwingineko. Iweke kwenye kipande cha jani la mgomba, usikubali kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Plastiki nyembamba na chakula kilichotoka motoni sitaki vikutane.

Sasa vituo vya mafuta. Kampala vile vikubwa vimekuwa mahali pa kula pa heshima kabisa. Café Javas na vituo vya City Oil ni vya kampuni moja, kwa hiyo mtu anajaza tangi na tumbo katika uwanja mmoja. Ukitoka mjini, duka la kituo lina kazi nyingine: maji yaliyofungwa, mtindi wa baridi, karanga, choo, na bomba la kunawia mikono. Hivyo vyote nanunua au natumia bila wasiwasi. Ninachoogopa ni kile kisanduku cha kioo chenye taa ya manjano, kilichojaa sambusa na soseji. Taa ile inapendeza macho, lakini mara nyingi inatoa uvuguvugu tu. Mwaka mmoja nilikuwa na familia ya watu wanne, tumechelewa, mvua inanyesha, nikawaruhusu wale sambusa za nyama kutoka kwenye kisanduku cha namna hiyo kituo kimoja njiani. Mtoto wao wa miaka kumi alitapika usiku kucha. Sikuweka mkono juu ya kioo kujua kama ni cha moto, na kosa hilo lilikuwa langu. Tangu siku ile naweka mkono kwanza. Kioo kisiponifanya niuondoe haraka, sinunui.

Chakula bora cha kituo cha mafuta kwa kawaida hakiuzwi ndani ya kituo. Waulize wale vijana wanaopima mafuta: "Ndugu zangu, nyinyi mchana mnakula wapi?" Wanafanya kazi zamu ndefu, mshahara si mkubwa, na hawawezi kula chakula kibaya siku sita kwa wiki. Watakuonyesha nyuma ya kituo, karibu na gereji ya matairi, kibanda cha mabati na mama mwenye sufuria tatu. Humo kuna matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, posho (ndiyo ugali), maharage, na binyebwa, yaani mchuzi wa karanga. Kama mtu wa jikoni nasema hiki ni miongoni mwa vyakula salama zaidi barabarani. Matoke hayatoki kwenye mvuke mpaka yanapopakuliwa. Jani linashika joto, moto uko chini muda wote, na hakuna saa yanapokaa vuguvugu. Fika kati ya saa sita na nusu na saa nane. Ukifika saa kumi utapata mabaki, na mabaki ya maharage yaliyozimiwa moto mimi siyagusi.

Asubuhi omba katogo. Ni matoke yaliyopikwa pamoja na utumbo, au maharage, au karanga, chungu kimoja, na huwa tayari kuanzia kama saa moja. Kufika saa nne palipo na mpishi hodari chungu kimeisha.

Rolex inahitaji maneno yake. Si saa ya mkononi, ni mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, na jina lilitokana na maneno ya Kiingereza "rolled eggs", mayai ya kuviringishwa, yaliyotamkwa haraka haraka. Wengi wanawapa sifa vijana wa Kisoga kwa kuianzisha, na Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, ndiko ilikopata umaarufu. Sasa kila penye steji ya boda au lango la kituo cha mafuta kuna kijana na sigiri yake. Chapati iliyopikwa asubuhi haina neno, imekauka na ina mafuta. Tazama mayai. Yavunjwe mbele yako, yapigwe kwenye kikombe na kitunguu na kabichi, yamwagwe kwenye tava iliyochemka, na chapati iwekwe juu yai likiwa bado bichi upande wa juu ili vishikane. Nyanya kwa kawaida huongezwa mbichi mwishoni, kabla ya kuviringisha. Mimi naomba zikatwe ndani ya yai zikaangwe pamoja, kwa sababu sijui zilioshwa kwa maji gani. Ukikuta mayai yamepigwa tayari, yanangoja kwenye jagi juani, songa mbele. Kijana mwingine yupo mita hamsini.

Barabara ya Masaka ina mambo yake. Ukishapita Kayabwe na mstari wa ikweta, unafika bonde la mafunjo la Lwera, ambako samaki wananing'inizwa kando ya lami: kambare na kamongo. Bila barafu, kwenye jua lile, samaki mbichi nanunua asubuhi tu, nikifungua mashavu na kuyaona mekundu. Vinginevyo nachukua aliyekaushwa kwa moshi. Na kabla ya kumpakia kamongo nawauliza walio garini, kwa sababu ukoo wa Mmamba, mmoja wa koo kubwa za Baganda, mwiko wake ni samaki huyo. Kidogo mbele ni Lukaya, soko la kuku na muchomo linalokesha, na sheria ya mkaa mwekundu inafanya kazi huko kama kwingine.

Ukipita Masaka mwezi wa Novemba, nunua nsenene, yaani senene, wadudu wa jamii ya panzi. Baganda wameupa mwezi huo jina la mdudu huyu: Museenene. Hung'olewa mabawa na miguu, kisha hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu na chumvi mpaka wagonge kwenye meno. Mtu ambaye kamba wa baharini humletea vipele asijaribu, maana mwili unaweza kuwakataa wote wawili kwa sababu moja.

Mbele zaidi, Ankole, kuna eshabwe, mchuzi mweupe wa samli iliyopigwa na maji baridi na chumvi ya mawe. Naipenda kuliko mchuzi wowote nchini, lakini kando ya barabara siinunui. Haipikwi, kwa hiyo usafi wake wote uko kwenye maji na mikono. Nangoja hadi Igongo, kituo cha utamaduni chenye mgahawa, pale Biharwe kabla ya Mbarara mjini, au nyumbani kwa watu ninaowafahamu.

Kaskazini, kwenye barabara ya Gulu, Luwero kuna mananasi. Nunua zima, ukate mwenyewe kwa kisu chako. Halafu usijishibishe njiani, kwa sababu Gulu kuna malakwang, mboga chachu inayopikwa na odii, siagi ya ufuta na karanga. Mama ninayekula kwake anapika chungu kimoja tu kwa siku. Saa nane kinakuwa kimeoshwa na kimegeuzwa juani, ndiyo maana siku za safari ya Gulu wageni wangu nawaamsha saa kumi na moja alfajiri.