"Hakuna posho?" na mengine tunayoulizwa kabla ya kuingia mikokoni

Jumamosi moja asubuhi, ufukweni Mikindani, hapa Mtwara, mzee mmoja alishuka kwenye bodaboda, akatusalimia vizuri, akachomoa kalamu mfukoni na kuuliza, "Tunasaini wapi?" Tulikuwa watu kumi na wawili hivi, nusu yetu watoto, tukisubiri maji yapwe tuingie mikokoni. Nikamwambia hakuna karatasi ya kusaini. Akaitazama kalamu, akanitazama mimi. "Hakuna posho?" Hakuna. "Nauli je?" Hakuna, mzee wangu, ila ipo ming'oko, ile mizizi yetu ya kusini, ya kuchemsha, na chai ya rangi. Akacheka, akairudisha kalamu mfukoni, akaondoka na bodaboda ileile iliyomleta.

Simlaumu. Huku kwetu neno "mazingira" limezoeleka kuja na bango, viti vya kukodi na bahasha mwishoni. Sisi ni majirani tu, hatuna hata jina. Tunatembea bure: leo mikokoni, mwezi ujao chini ya miembe ya mtaani usiku kutafuta komba. Na kila tunapotangaza msikitini au kwenye kijiwe cha kahawa, tunarudishiwa maneno yaleyale. Mengine yana ukweli ndani yake, mengine hayana hata chembe.

"Kikiwa cha bure, kuna kitu wanatafuta"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na haikutoka hewani. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Kwa miaka mingi watu wa Mtwara wameona magari yakipita, watu wakipima, vigingi vikichimbiwa. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015, na hadi leo ukikaa kijiweni hutamaliza kahawa kabla habari yake haijaguswa. Sasa wewe usimame kando ya mtaa na darubini shingoni, unaandika kwenye daftari, halafu utegemee watu wakuone mpenda ndege?

Nimeulizwa mara mbili shamba la nani linapimwa. Mara ya pili nilimvulia mama aliyeuliza ile darubini, nikamwambia atazame mwenyewe. Akamwona yangeyange anavizia kitu topeni, amesimama kama aliyesahauliwa pale, mara shingo ikafyatuka. Mama akawaita watoto wake, watoto wakaita wenzao. Darubini niliipata baada ya nusu saa, ina alama za vidole vya mafuta.

Ni ya bure kwa sababu hakuna cha kulipia. Tope halikodishwi. Anahitajika anayejua maji yanapwa saa ngapi, anayejua majina ya miti, na dumu la maji ya kunawa miguu. Hata huko kwenye pesa wanafanya hivi. City Nature Challenge ilianza mwaka 2016 kama ushindani kati ya Los Angeles na San Francisco, na sasa mamia ya miji duniani hushiriki kila mwaka mwishoni mwa Aprili: wakazi wanatoka na simu zao, wanapiga picha mimea na wadudu wa mitaani kwao, wanazipandisha kwenye programu. Kiingilio hakuna, na posho pia hakuna.

Bure lakini si holela. Mwenyekiti wa mtaa tunamwarifu kabla. Na mikoko yote ya nchi hii ni msitu wa hifadhi wa serikali, kuikata bila kibali ni kosa. Kundi likiwa kubwa, au mnataka kufanya zaidi ya kutazama, pitieni kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu.

"Mazingira ni kupanda miti"

Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo nguvu za watu wengi zinapotea.

Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Ni siku nzuri kwa hotuba. Kwa kupanda mti Mtwara au Lindi ni siku mbaya. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mche unaouweka ardhini Juni unakabidhiwa miezi mitano ya ukavu. Mgeni rasmi akishaondoka, nani atabeba ndoo mpaka Novemba? Nimeshuhudia mstari wa miche ya aina hiyo kando ya barabara: Julai majani yamejikunja, Agosti mbuzi wamemalizia, na kilichobaki ni vile vibao vya majina ya waliopanda. Panda Desemba, ardhi ikishalowa vizuri. Hakuna kamera mwezi huo, wote wako kwenye korosho, lakini mti unashika.

Kwa mikoko ni zaidi ya msimu. Watu wanasema "mikoko" kama vile ni mti mmoja. Ukiingia na wenyeji unagundua ni ukoo mzima, na kila mmoja ana kiti chake. Mlilana hukaa mbele kabisa, miguu majini. Nyuma yake mkoko wenyewe, na mizizi yake iliyojitanua kama miguu ya buibui. Ukisogea nchi kavu unakutana na mkandaa, na mchu, ambaye ni mvumilivu na utamkuta huku na huku. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini. Inaning'inia kama mkuki wa kijani wenye urefu wa kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ikikomaa inadondoka na kuchoma tope, au inaelea hadi ipate pa kushika. Ni rahisi kuiokota na rahisi kuichomeka, ndiyo maana shughuli nyingi za kupanda huchomeka mkoko kila mahali, hata pale mbele kwenye nafasi ya mlilana. Mawimbi yanaing'oa. Mwakani linakuja kundi lingine, linachomeka palepale.

Mara nyingi kazi ya maana ni kuacha. Pakiwa na miti mama karibu, na maji yanaingia na kutoka bila kizuizi, mbegu zinajileta zenyewe. Tunachofanya sisi ni kuhesabu miche iliyojiotea na kutoa kamba za nyavu na mifuko iliyoisonga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ila ile ya zamani bado iko topeni, na ukiivuta inatoka mizima.

(Tukibeba viroba vya takataka kuna wanaofunga milango, wakidhani ni msako wa Jumamosi ya usafi. Tumejifunza kuimba tukipita.)

"Mikoko inanuka na inaleta malaria"

Kunuka inanuka. Ni harufu ya yai viza, inatokana na vijidudu vinavyoozesha majani ndani ya tope lisilo na hewa. Ndiyo maana mchu unatoa vimizizi vilivyosimama juu ya tope kama penseli: chini hakuna hewa, inabidi upumulie juu. Watoto wakishaambiwa hivyo wanaanza kukanyaga kwa adabu, wakubwa ndio hawasikii.

Malaria ni habari ndefu kidogo. Yuko mbu mmoja wa malaria wa pwani anayeweza kuzaliana kwenye maji yenye chumvi, sitaficha. Lakini wengi wao wanataka maji baridi yaliyotulia: madimbwi, mashimo ya kufyatulia matofali. Na yule wa homa ya dengue yuko nyumbani kwako, kwenye tairi bovu na kopo nyuma ya choo. Mikoko inayooshwa na bahari mara mbili kwa siku ikifukiwa kwa kifusi, mara nyingi unabaki na madimbwi yaliyofungiwa, ambayo mbu atayashukuru.

Ukiwa pale, mwambie mtoto aonje jani la mchu. Msichana mmoja wa darasa la tatu alilipitisha ulimini, akakunja uso, akapiga kelele: "Lina chumvi!" Mchu unanyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, siku ya jua kali unaiona inametameta. Baada ya dakika moja watoto wote walikuwa wanalamba miti.

"Wanyama wako Serengeti"

Kwa miaka mingi nami niliamini hivyo, mpaka nilipohamia nyumba yenye mwembe mkubwa na usiku wa kwanza nikasikia mtoto analia juu ya bati. Alikuwa komba. Wagema wanamjua, maana anakuja kwenye vibuyu vyao bila aibu.

Lindi inaye mwingine ambaye dunia nzima ya wataalamu wa wanyama inamjua na majirani zake wengi hawamjui. Ni komba wa Rondo, aliyepewa jina la ile nyanda ya juu ya Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60, embe dodo moja linamshinda mara kadhaa. Ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote wanaojulikana, yuko hatarini kutoweka, na anapatikana Tanzania tu, katika vipande vichache vya misitu ya pwani, kikiwemo Pugu, pale pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Mnyama wa namna hiyo hahitaji gari la utalii. Anahitaji tochi yenye karatasi nyekundu na watu wanaoweza kunyamaza, na kunyamaza ndiko kunakotushinda.

Na hiyo ming'oko tunayoiuza stendi, tunayoila kwa chumvi na pilipili, haikulimwa na mtu. Inachimbwa porini. Anayesema pori halina faida mara nyingi anasema huku anatafuna.

"Mkienda usiku mtakutana na bundi"

Tunaenda kwa ajili hiyo! Bundi anaitwa mchuro, akilia juu ya paa watu wanaanza kuhesabu wagonjwa wa ukoo. Kwenye gofu moja Mikindani tuliokota vitonge vyeusi vya manyoya, vinene kama kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Tulikivunja kimoja kwa chelewa juu ya gazeti: mafuvu matatu ya panya, meno ya mbele bado yana rangi ya chungwa. Bibi mmoja aliyekuja kumsindikiza mjukuu alivitazama vile vifuvu kwa muda mrefu, akauliza kama bundi huyo anaweza kuhamia kwenye ghala lake la mahindi.

Kinyonga naye hana sumu yoyote. Nyoka wengi hawana, ila koboko, swila na kifutu wapo, na hao si wa kuchezea. Usitie mkono mahali usipopaona, usimpige, mpishe apite.

"Ni mambo ya watoto wa shule na Wazungu"

Wanaojua zaidi yetu ni kina mama waokota chaza. Siku moja nilikuwa nawaonyesha watu mkoko, najieleza kweli kweli, nyuma yangu nikasikia, "Mwanangu, huo mkandaa." Nikasema shikamoo bibi, nikampisha. Akabandua kipande cha ganda, akaonyesha wekundu wake, akaeleza walivyokuwa wakipakia rangi ukili wa mikeka. Tangu hapo yeye ndiye anatangulia, mimi nabeba dumu.

"Kukaa chini ya mwembe ni uzururaji"

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa mapema zaidi na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Ni wagonjwa wachache, na haina maana uache hospitali ukalale mwembeni. Lakini wazee wa bao wamefurahi sana nilipowasomea.

"Mmesema saa tatu, basi saa tatu"

Saa tatu yetu haitoki ukutani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo tunaingia saa tatu, tunatoka saa tano, vaa viatu vya kufunga, maana ndala zangu mbili tofauti ziko mle ndani hadi leo. Ukichelewa saa mbili kwenye semina utaikuta chai. Ukichelewa saa mbili mikokoni, utatukuta barabarani tunaosha miguu.