Kituo cha Kufuatilia Mifumo Ikolojia kwa Ramani: Maana Yake na Kazi Yake

Kituo cha kufuatilia mifumo ikolojia kwa ramani ni kitengo cha utafiti cha chuo kikuu kinachopima hali ya misitu, nyika, mikoko na maeneo oevu mwaka hadi mwaka, kisha kuonyesha kwenye ramani kilichobadilika, mahali kilipobadilika na kwa kiasi gani. Ramani moja nzuri bado si ufuatiliaji. Kipimo lazima kirudiwe palepale kwa njia ileile, ili tofauti itakayoonekana itokane na mimea na si na mpimaji.

Data nyingi hutoka kwenye setilaiti. Setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat zimekuwa angani tangu 1972, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure. Ndizo zinazomwezesha mtafiti kuuona msitu kama ulivyokuwa miongo kadhaa iliyopita. Pikseli yake ya kawaida, yaani kijiraba kimoja cha picha, ina upande wa mita 30. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza 2015, ina pikseli za mita 10, na setilaiti zake mbili kwa pamoja hurudi mahali palepale kila baada ya siku 5 hivi.

Kipimo kinachotumika sana ni NDVI, namba inayoonyesha wingi wa uoto wa kijani. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kuakisi infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa wingi. Basi unachukua infraredi, unatoa nyekundu, kisha unagawanya kwa jumla ya hizo mbili. Pikseli ikiakisi infraredi 0.40 na nyekundu 0.05, jibu ni 0.35 ikigawanywa kwa 0.45, yaani 0.78: uoto mzito. Udongo mtupu wenye 0.25 na 0.20 unatoa 0.11. Maji mara nyingi hushuka chini ya sifuri. Kwenye msitu mnene kipimo hiki hujaa: majani yakizidi kuongezeka, namba haipandi tena.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni la msimu. Ukilinganisha picha ya masika na ya kiangazi, miti iliyopukutisha majani itasomeka kama msitu uliokatwa. Linganisha mwezi uleule, au bora zaidi, tumia mfululizo wa picha za mwaka mzima. Mawingu yafutwe pamoja na vivuli vyake, maana kivuli hufanana sana na maji. Tena, tangu Januari 2022 namba za Sentinel-2, ambazo ni uakisi uliozidishwa kwa 10,000, zimeongezewa 1000 kabla ya kuhifadhiwa. Usipoitoa kabla ya kugawanya kwa 10,000, NDVI ya mimea itaonekana imeshuka ghafla mwaka huo bila mti hata mmoja kuguswa. Baadhi ya majukwaa ya data huitoa yenyewe, kwa hiyo hakikisha kwanza usije ukaitoa mara mbili.

Kisha watu waende uwandani, na hapa ndipo kituo kinapojipatia heshima yake. Kwa pikseli za mita 10, kiwanja cha kupimia kiwe walau mita 30 kwa 30, chenye uoto wa aina moja. GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa, na chini ya matawi mazito zaidi ya hapo. Ukipima kijisehemu cha mita 10 tu, unaweza kuwa umeandika habari za pikseli ya jirani.

Pointi za kukagua ramani zichaguliwe kwa bahati nasibu na zisiwe zilezile zilizotumika kuifundisha programu ya kompyuta inayochora ramani. Matokeo huwekwa kwenye jedwali la makosa: ramani ilisema nini, uwandani palikuwa na nini. Eneo la msitu uliopotea lisipatikane kwa kuhesabu pikseli peke yake. Ikiwa upotevu halisi ni asilimia 1 na ramani inakosea asilimia 5, makosa yanaweza kuwa makubwa kuliko kinachotafutwa. Kituo makini hukadiria eneo kutokana na sampuli iliyokaguliwa, na kila idadi ya hekta kinayotangaza huambatana na kiwango cha chini na cha juu cha makadirio.