Kwenda saa saba, kurudi karibu siku nzima?

Januari shangazi alinitumia picha ya tiketi yake ya Nairobi–New York kwa WhatsApp, ikifuatiwa na sauti: "Mwanangu, naondoka saa tano na dakika ishirini na tano usiku, nafika saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Si saa saba tu hizo? Na kurudi mbona saa ishirini na mbili na nusu?"

Mimi kazi yangu ni kupanga njia za ndege, na swali hili silichoki. Saa za kwenye tiketi ni za mji wenyewe. Januari, New York iko nyuma yetu kwa saa 8 (kuanzia Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, pengo linabaki 7, sisi zetu hatuzigusi). Kwenda, saba ongeza nane: 15. Kurudi, ishirini na mbili na nusu toa nane: 14 na nusu.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,840. Tafuta globu, shika uzi, uvute kutoka Nairobi hadi New York. Utapita Sudan Kusini, Chad na Sahara ya Algeria, na nusu ya safari itakukuta karibu na Marrakech. Ukitumia rula kwenye ramani ya ukutani, ile ya Mercator inayoilaza dunia ya mviringo iwe bapa, unapita kaskazini mwa Nigeria, unatokea baharini Mauritania, na umejiongezea kilomita 300 na ushei bure. Ila hata uzi haufuatwi sawasawa: unagusa pembe ya Darfur, na tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023 anga hiyo tunaizunguka.

Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, bila upepo, ingekuwa saa 13 na dakika chache. Lakini juu ya Atlantiki kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ndiyo unachachamaa. Kwenda Marekani unakupiga usoni, kurudi unakusukuma mgongoni. Upepo wa mbele ukiwa wastani wa kilomita 80 kwa saa njia nzima, zile 13 zinakuwa 14 na nusu. Ongeza muda wa ndege kutembea ardhini uwanjani, maana tiketi huhesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho. Kuna siku narefusha njia makusudi ili niukwepe upepo huo, na ndege inafika mapema.

Na mafuta? Hapo Nairobi inatubana. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inahitaji mbio ndefu ndipo inyanyuke. Jua la mchana huifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Kuondoka usiku, kukiwa na ubaridi, kunatuachia nafasi ya kubeba zaidi. JFK, uwanja wa New York, iko pwani kabisa, shida hiyo haina.

Nilimweleza shangazi yote hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hizo saa kumi na tano, chakula wanatoa mara ngapi?"