Gia 10 na gia 10 zinapokataa kuelewana

Dhana inayowasumbua wengi wanaojiundia baiskeli ya milimani ni hii: ukipata shifta (kibonyezo cha kubadilishia gia kwenye usukani) ya gia 10 na direla (mkono wa nyuma unaosogeza cheni) ya gia 10, kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba direla haijui kuhesabu. Inachojua ni kuvutwa tu. Waya ukivutwa kiasi fulani, nayo inasogea kiasi fulani, na cheni inafuata.

Hebu tupige hesabu. Shifta ya kampuni ya Shimano ya gia 9 huvuta waya takriban milimita 2.5 kwa kila mbofyo, na direla yake hukuza mvuto huo mara 1.7 hivi. Unapata karibu milimita 4.3, na hiyo ndiyo nafasi iliyopo kati ya sproketi (gurudumu la meno) na sproketi kwenye kaseti, yaani rundo la sproketi za nyuma, ya gia 9. Kisha zikaja gia 10 za milimani za Shimano, na hapo mambo yakageuka: shifta inavuta karibu milimita 3.4, direla inakuza mara 1.2 tu.

Sasa chukua shifta hiyo uifunge na direla ya gia 9. Kila mbofyo unaisogeza cheni karibu milimita 5.8, wakati sproketi za gia 10 zimeachana kwa milimita 3.95. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa mchanganyiko huo huo, nikigeuza skrubu ya kukazia waya huku nikizungusha pedali kwa mkono. Mbofyo wa kwanza, cheni inakwaruza katikati ya sproketi ya pili na ya tatu. Mbofyo wa pili, imeshafika ya nne. Ukiona kosa linakua kadiri unavyopanda kaseti, acha skrubu. Hapo vipuri ndivyo visivyopatana.

Hesabu hiyo hiyo inakufungulia mlango upande wa pili. Direla ya Shimano ya gia 9 ya milimani hufanya kazi vizuri na shifta nyingi za Shimano za gia 10 za barabarani, kwa sababu zinavuta karibu milimita 2.3, na 2.3 mara 1.7 ni 3.9. Angalizo: shifta ya Shimano ya barabarani iitwayo Tiagra 4700 ni ya gia 10 lakini inavuta tofauti na zilizoitangulia. Kwa SRAM, kampuni nyingine ya vipuri, ni rahisi zaidi, maana gia 10 zao za barabarani na za milimani huvuta sawa.

Wapo pia wanaoogopa kuchanganya kampuni kabisa. Hofu hiyo imezidi. Kaseti za Shimano na SRAM zenye idadi moja ya gia, iwe 8, 9 au 10, zina nafasi zinazokaribiana sana, hivyo unaweza kubadilishana bila shida, na cheni vilevile. Cha kulinda ni ndoa ya shifta na direla. Kwenye cheni angalia upana: ya gia 8 ina takriban milimita 7.1 kwa nje, ya gia 11 karibu 5.6. Ukiweka pana kwenye kaseti iliyobanana, itasugua sproketi ya jirani.

“Kaseti yoyote inaingia gurudumu lolote”? Hapana. Frihabu, yaani kiini cha gurudumu la nyuma kinachoshika kaseti, ya aina ya HG, ile ya miaka mingi, haipokei sproketi ya meno 10. Ndiyo maana SRAM walileta frihabu ya XD mwaka 2012, na Shimano wakaleta Micro Spline mwaka 2018. Lakini msikimbilie kununua gurudumu jipya: kaseti ya SRAM ya NX Eagle ya gia 12 inaanzia meno 11, nayo inakaa kwenye HG ya kawaida.

Na ukiongeza sproketi kubwa nyuma, usiitegemee skrubu ya B peke yake. Huipa direla nafasi ya kupita chini ya meno, lakini hairefushi cheni. Baiskeli ikiwa bado imening’inia, ingiza cheni taratibu kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma. Ikikaza mpaka direla inanyooka yote, ongeza pingili kabla hujaipanda, la sivyo itang’oa direla pamoja na sikio la fremu lililoishikilia.